Kutoka Kisumu hadi mnara wa taa wa Ras Serani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila likizo ya Agosti na ya Desemba naongoza kikundi kidogo kutoka Kisumu kwenda Mombasa: wazazi na watoto wao, walimu wawili watatu, wakati mwingine nyanya au babu aliyekwisha kuapa kwamba hafi kabla hajaiona bahari. Tunatembea kwingi, lakini safari yenyewe naipanga kuzunguka jambo moja. Jioni ya kwanza tunasimama Ras Serani, karibu na mnara wa taa, tunangoja giza liingie. Mwezi mzima kabla ya safari simu yangu hujaa maswali, kutoka Kondele na Nyalenda, kutoka Nakuru, Kakamega, hata Busia. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake.

Mnara wa taa ni nini hasa? Si taa tu kama za barabarani?

Mtu wa ziwani nitamjibu kwa kitu anachokijua. Nenda ufuo wowote wa Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, usiku usio na mwezi, utaona taa za wavuvi wa omena, dagaa wetu wa ziwani, zimetapakaa majini kama mji uliohamia ziwani. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Taa hizo zinaita. Wadudu wanaufuata mwanga, omena wanawafuata wadudu, na wavu unawangoja.

Taa ya mnara kazi yake ni kinyume. Haimwiti mtu aje ilipo. Inamwambia nahodha: "Hapa pana nchi kavu, pana mwamba, kaa mbali, na ukitaka mlango wa bandari, jipime kwangu." Nje ya pwani yetu ya Kenya kuna ukuta wa matumbawe unaoandamana na ufuko kwa sehemu kubwa. Mchana unauona kwa mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika. Usiku huuoni. Matumbawe hayapendi maji baridi ya chumvi kidogo wala tope, kwa hiyo pale ambapo maji ya bara yaliingia baharini tangu kale, ukuta ule umeachia mwanya. Bandari zimekaa kwenye mianya hiyo, Mombasa mojawapo. Kazi ya taa ni kumwonyesha mtu mwanya uko wapi, gizani, wakati meli yake imebeba maelfu ya tani na haiwezi kusimama ghafla.

Nilikulia kisiwa cha Rusinga, huko huko ziwani. Usiku wa upepo, mama mkubwa alikuwa akitundika taa ya chemli kwenye tawi la mti karibu na maji hadi mashua ya mwisho irudi. Hakuna aliyemlipa wala kumwagiza. Nilipoona mnara wa taa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, nilijua mara moja ni kitu gani.

Ras Serani iko wapi?

Ni ncha ya kusini-mashariki ya kisiwa cha Mombasa, pale ambapo meli zinazoelekea bandari ya Kilindini huingia kutoka bahari kuu. Barabara ya Mama Ngina inaanzia karibu na kivuko cha Likoni na kufuata ukingo wa kisiwa mpaka huko. Upande mmoja una mibuyu mikubwa, upande wa pili mwamba unashuka hadi majini. Bustani ya ufukweni ya Mama Ngina ilijengwa upya na kufunguliwa Oktoba 2019, kwa hiyo aliyekwenda zamani akikumbuka majani na vumbi atakuta njia za kutembelea, viti na taa za bustani.

Jina la Kilindini lenyewe linakueleza: kilindi ni maji yenye kina. Na Wakilindini, mojawapo ya makabila matatu ya Waswahili wa Mombasa yaitwayo Thelatha Taifa, wamelibeba jina hilo tangu kabla hapajakuwa na gati wala kreni.

Ukifika mjini, usiulize "mnara wa taa uko wapi". Utaeleweka, lakini utaangaliwa. Wenyeji wanasema tu "Lighthouse", na kwao neno hilo ni eneo zima: upepo, mihogo, magari yaliyoegeshwa, watoto wanaokimbizana. Mwambie dereva wa tuktuk "nipeleke Lighthouse", inatosha.

Tutapanda juu ya mnara?

Hapana, na ni heri ulijue hilo ukiwa bado Kisumu. Huu ni mtambo wa kazi ulio chini ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya, si jumba la makumbusho. Mnara wenyewe pia si mrefu. Anayekuja akitazamia ule mnara mwembamba wa kwenye kalenda, wenye mistari miekundu na meupe, atavunjika moyo. Mwamba uliousimamia ndio umefanya sehemu ya kazi ya urefu.

Mwalimu anayeleta wanafunzi anaweza kuandika barua kwa mamlaka hiyo mapema na kuomba wataalamu wazungumze na watoto. Usiende mlangoni na basi la watoto arobaini ukidhani utaombea hapo hapo.

Sasa kama hatupandi, tunaenda kuona nini?

Swali hili huniuma kidogo, lakini ni la haki. Mnakwenda kuona taa ikifanya kazi. Mchana ni jengo. Kuanzia magharibi ni kitu kingine kabisa.

Niliwahi kulikosea hili vibaya. Kikundi changu cha kwanza nilikipeleka saa saba mchana, jua la utosi, watoto wamechoka na safari. Tukatazama, tukapiga picha, tukaondoka baada ya dakika kumi. Mtoto mmoja aliniuliza kwenye tuktuk: "Mwalimu, kwani ndiyo hiyo tu?" Sikuwa na jibu. Tangu hapo sijampeleka mtu mchana.

Tufike saa ngapi basi?

Saa kumi na moja na nusu jioni mwe mmekaa. Kumbuka kwamba Mombasa iko mashariki yetu kwa karibu nyuzi tano za longitudo, kwa hiyo jua linazama kama dakika 20 mapema kuliko Kisumu. Mwezi wa Agosti au Desemba, saa kumi na mbili na nusu hivi limeshazama, na giza la huku karibu na ikweta haliombi ruhusa.

Watu wa Kisumu wanashangazwa na jambo jingine hapo. Sisi tumezoea jua kutumbukia majini. Ukikaa Dunga jioni linazama mbele yako, ziwani. Mombasa mambo yamegeuzwa. Jua linazama nyuma yenu, upande wa bara, na bahari iliyo mbele inaanza kuwa nyeusi kwanza. Majini hakuzami jua, kunachomoza. Kama mmefika siku ya mwezi mpevu, geukeni mashariki wakati jua linapotua: mwezi mzima unatoka baharini karibu dakika hizo hizo, mwekundu kama kaa la moto. Nimeona wazee wakinyamaza kabisa mbele yake.

Lakini kwa taa zenyewe, mimi nachagua siku za giza, mwezi mchanga. Wavuvi wa omena wanachagua siku hizo hizo, na sababu inafanana: mwezi ukiwaka, taa zinakosa nguvu.

Taa husomwaje? Mbona zinawaka na kuzima?

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo ninapotumia muda mwingi na watoto.

Taa za baharini haziwaki ovyo. Kila moja imepewa mtindo wake: rangi, idadi ya miweko, na sekunde ngapi zinapita kabla mtindo kurudia. Nahodha ana ramani na orodha ya taa. Akiona mwanga gizani anaanza kuhesabu. Akimaliza anajua jina la taa ile, na akishajua jina anajua yuko wapi. Ni kama jirani unayemtambua kwa namna anavyobisha hodi.

Lenzi ya mnara imeelekezwa baharini, ambako wanaoihitaji wako. Ukisimama nyuma yake upande wa nchi kavu utaona kidogo sana. Sogeeni kando, penye nafasi ya kutazama maji, kisha angalieni pia maboya yaliyo kwenye njia ya meli. Hayo ndiyo rahisi kusoma. Kenya, kama Afrika yote, inafuata utaratibu ambao meli inayoingia bandarini inaacha maboya mekundu kushoto kwake na ya kijani kulia. Inayotoka inaona kinyume. Mpe mtoto kazi hii: achague boya moja, ahesabu sekunde toka mweko hadi mweko, arudie mara tatu. Majibu yakilingana, amesoma taa.

Kisha ngojeni meli. Ikija ya makontena usiku, itapita karibu nanyi kiasi kwamba mtasikia injini vifuani kabla ya masikioni. Angalieni taa zake: nyekundu ubavu wa kushoto, kijani ubavu wa kulia, na zile nyeupe za mlingotini, ya mbele chini na ya nyuma juu. Mkiziona nyekundu na kijani pamoja, meli inawajia uso kwa uso. Jambo hilo la taa mbili, moja chini na moja juu, hutumika pia nchi kavu kwenye milango ya bandari nyingi. Nahodha akiziona zimepangana wima, ya juu juu ya ya chini, yuko katikati ya njia. Zikiachana, ameanza kupotoka, na upande zilikoachana unamwambia arekebishe wapi.

Watoto wa ziwani wanalielewa hili haraka mno. Baba zao hufanya vivyo hivyo kwa mti na kilima wanaporudi ufuoni.

Mwanga unafika umbali gani?

Mambo mawili yanaamua: nguvu ya taa na urefu wake, kwa sababu dunia ni mviringo na inajificha yenyewe. Ukisimama ufukweni, macho yako yakiwa kama mita 1.6 juu ya maji, upeo wako uko kilomita 4 na nusu tu. Ukipanda mita 36, unaona hadi kilomita 21 hivi. Ndiyo maana minara ilijengwa mirefu au ikapandishwa juu ya miamba.

Nguvu ya taa ni habari nyingine. Kwa karne nyingi walichoma kuni, makaa, mafuta, na mwanga mwingi ulipotea juu angani na nyuma. Mfaransa Augustin-Jean Fresnel alibuni lenzi ya pete za vioo, kila pete imekatwa pembe yake, ikiukusanya mwanga uliokuwa ukitawanyika na kuutuma wote mahali pamoja. Ilitumika mara ya kwanza mwaka 1823 katika mnara wa Cordouan, mlangoni mwa mto Gironde, Ufaransa. Taa ile ile ya mafuta ikaanza kuonekana mbali mara nyingi zaidi. Ukipata nafasi ya kuiona lenzi ya aina hiyo popote, isogelee kwa heshima. Imeokoa watu wengi kuliko mtu yeyote anavyoweza kuhesabu.

Minara hii ilianza lini?

Unaotajwa kwanza ni ule wa Iskandaria, Misri, uliosimamishwa kwenye kisiwa cha Pharos karibu mwaka 280 kabla ya Kristo. Ulipita mita 100 kwenda juu, ukahesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia ya kale, na ukadumu zaidi ya miaka elfu moja na mia tano hadi matetemeko ya ardhi yalipoumaliza.

Kuna msafiri mmoja ninayependa kumtaja tukiwa pale Ras Serani. Ibn Battuta alifika Iskandaria mwaka 1326 akauona mnara ule, upande mmoja umeshabomoka. Miaka mitano baadaye, 1331, alikuwa Mombasa, akiwa njiani kwenda Kilwa, akaandika juu ya ndizi, samaki na misikiti ya mbao ya watu wetu. Aliporudi Iskandaria mwaka 1349 mnara ulikuwa umeharibika kiasi kwamba hakuweza hata kuuingia. Kwa hiyo macho yaliyouona mnara maarufu kuliko yote duniani yaliuona na mji huu. Huwa nawaambia watoto wasimame kimya nusu dakika wakilifikiria hilo, na wanasimama.

Mnara wa zamani kuliko yote ambao bado unatumika ni ule wa Hercules huko A Coruña, Uhispania, uliojengwa na Warumi.

Siku hizi kuna GPS. Taa bado inahitajika?

Inahitajika. Setilaiti ni msaada mkubwa, lakini mawimbi yake yanaweza kuingiliwa, chombo kinaweza kuzima, betri inaweza kuisha. Nahodha mwenye akili haamini kitu kimoja. Anataka kitu cha pili kinachokubaliana na cha kwanza, na taa anaiona kwa macho yake. Halafu wako wasiokuwa na chombo chochote. Mvuvi wa ngalawa kutoka Likoni au Mtwapa anarudi usiku bila skrini yoyote mbele yake. Taa haimuulizi kama amelipia.

Mlinzi wa taa, yule mzee aliyekuwa akipanda ngazi na mtungi wa mafuta kila magharibi, ndiye aliyetoweka. Karibu kote duniani taa sasa zinajiwasha zenyewe kwa umeme au sola. Kazi imebaki ya mafundi: kusafisha vioo vilivyoliwa na chumvi, kubadilisha balbu na betri. Mamlaka hiyo hiyo ya bandari ndiyo iliyoishughulikia bandari yetu ya Kisumu ilipofufuliwa, na kila nikisimama Ras Serani natamani uangalifu ule wa taa na maboya ungetiwa kote ziwani, mpaka kwenye visiwa. Tumezika watu wengi mno walioipoteza njia usiku.

Tunafikaje kutoka Kisumu?

Njia ni tatu.

Basi la moja kwa moja hadi Mombasa huondoka mchana au alasiri, mnakesha njiani, mnaingia asubuhi. Ni rahisi kwa mfuko lakini ni kali kwa mgongo. Wazee siwapeleki nalo.

Ninayoipenda ni basi au matatu hadi Nairobi kupitia Nakuru, mnalala Nairobi usiku mmoja, kisha treni ya SGR, ambayo imekuwa ikienda Mombasa tangu 2017. Msijaribu kuunganisha siku moja. Barabara ya Nakuru hadi Naivasha ikishikana, treni haitawangoja. Ya asubuhi inasimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani, na inafika mapema alasiri, kwa hiyo mnaweza kuwa Ras Serani jioni hiyo hiyo. Ya mchana inawafikisha giza limeshaingia. Kaeni upande wowote, mtaona tembo wa Tsavo mkijaliwa.

Mambo ya kituoni Syokimau: mje zaidi ya saa moja kabla, kila mtu mzima na kitambulisho chake. Mizigo hupangwa mstari chini ili mbwa wa polisi wainuse, kisha inapita kwenye mashine. Pombe hairuhusiwi. Tiketi za likizo huisha mapema, zikateni wiki kadhaa kabla.

Njia ya tatu ni ndege. Aliye na haraka na fedha hahitaji ushauri wangu.

Kituo cha Mombasa kiko Miritini, nje ya kisiwa. Chukueni matatu hadi mjini, au hadi Ferry, yaani kivukoni Likoni, halafu mtembee au mpande tuktuk. Mkishuka Ferry, Mama Ngina iko hapo hapo.

Ni msimu gani mzuri?

Agosti ni wakati wa kusi. Upepo unatoka kusini, bahari imechafuka, mawimbi yanapiga mwamba kwa kishindo na hewa ni ya baridi kidogo kwa kipimo cha Mombasa. Desemba ni kaskazi: bahari tulivu, joto kali, watu wengi sana. Kwa mnara wa taa naichagua Agosti. Ukiyasikia mawimbi yale huhitaji kuelezwa kwa nini taa ipo. Mwezi wa tano uepukeni; masika ya pwani yanakuwa yamekolea, na mvua nzito inaifunika taa kama pazia.

Nimesikia maji ya bahari hupanda na kushuka. Ni kweli?

Ni kweli, na kwa mtu wa ziwani ni ajabu ya kwanza. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndiyo bamvua: tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kupita mita tatu. Katikati yake ni maji mafu, tofauti ndogo. Mwulize mvuvi yeyote "leo maji yanajaa saa ngapi?" na atakujibu bila kutazama kitu.

Watoto watakuwa salama?

Wakishikwa mkono. Ukingo ni mwamba, una miinuko na utelezi, na chini yake ni njia ya meli yenye mkondo mkali. Hapa hapaogelewi. Nasisitiza hasa kwa vijana wetu wanaojiona wanajua kuogelea kwa sababu wamekulia Usoma au Dunga. Ziwa halina mkondo wa bamvua. Anayetaka kuogelea nampeleka kesho yake ufuo wa Nyali au Jomo Kenyatta.

Nyanya yangu anatumia kiti cha magurudumu.

Mlete. Njia za bustani zimesakafiwa na pana, na mahali pa kutazama bahari hapahitaji ngazi. Mmoja wa wageni niliofurahi nao zaidi alikuwa ajuza wa Ahero aliyekaa kwenye kiti chake saa mbili nzima akihesabu mweko wa boya kwa Kijaluo.

Tunaruhusiwa kupiga picha?

Bahari, meli, mibuyu, nyinyi wenyewe: sawa. Kivuko cha Likoni na walinzi wake msipige. Ikulu ya Mombasa iko jirani, na ng'ambo kuna maeneo ya jeshi la wanamaji. Simu zibaki mfukoni mnapoyaelekea. Mwenye sare akisema hapana, ni hapana. Kwa taa usiku, egemeza simu juu ya kitu kisichotikisika na uache kutumia mweko wake, haumuliki chochote baharini.

Tutakula nini?

Mihogo ya kuchoma au ya kukaanga, iliyopasuliwa na kupakwa pilipili ya unga, chumvi na ndimu. Kachri. Viazi karai na ukwaju. Madafu. Mabuyu ya rangi kwa watoto, na nguo zao msahau. Baada ya magharibi tafuteni mzee wa kahawa tungu na kashata. Ulizeni bei kabla ya kuagiza, kama mnavyofanya kokote.

Atakayeuliza samaki, nitamjibu ukweli wangu: changu na tafi ni watamu, ila sijapata wa kumshinda ngege wa nyumbani.

Kiswahili chetu cha bara kitatucheleweshea mambo?

Hapana. Salimieni kwanza, swali baadaye. Mtu wa makamo muite "mzee" au "ami", mama mtu mzima "bi mkubwa", na mwenye chombo muite "nahodha", hata kama chombo ni kidogo. Mkubwa kwa umri mpe shikamoo yake. Mkikaa na wazee wa bahari jioni pale, msiulize haraka. Waacheni wamalize kikombe. Mambo ninayoyajua ya pepo na maji, mengi niliyapata hivyo.

Nikitaka mnara ninaoweza kupanda kweli, niende wapi?

Vuka mpaka. Kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar, kina mnara wa mwaka 1904 ambao wageni hupanda, na chini yake kuna matumbawe yaliyohifadhiwa vizuri mno. Idadi ya wageni kwa siku ni ndogo, kwa hiyo nafasi huombwa mapema. Pemba, ncha ya kaskazini, kuna mnara wa chuma wa Ras Kigomasha wa mwaka 1900. Mlinzi akikufungulia, utaona mkondo wa Pemba wote. Beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Kuna kingine cha kuona siku ya pili?

Fort Jesus, iliyoanzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593 na kuingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2011. Msikimbilie mizinga. Ulizieni vitu vilivyotolewa kwenye meli ya Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wa mazingiwa ya Waomani. Vyungu, mitungi, vitu vya mabaharia. Ukiwa umekesha ukitazama taa jana yake, vitu hivyo vinakutazama tofauti.

Safari bado miezi miwili. Mtoto wangu ajiandae vipi?

Mpeleke Dunga usiku wa giza, wakati mashua za omena ziko nje. Mwambie achague taa moja na asiiache kwa macho dakika tano. Atagundua kwamba inasogea, kisha atagundua kwamba hana hakika ni taa ipi tena, kwa sababu zote zinafanana. Mwache achanganyikiwe kidogo. Kisha mwambie aandike namna ambayo yeye angeiwasha taa yake ili mama yake aitambue kutoka ufuoni. Aje na karatasi hiyo Mombasa. Jioni ya kwanza, kabla ya mihogo, kila mtoto husoma yake.